Kabla ya kununua diklofenaki, inua simu

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Kikatiti aliniletea binti yake anayesoma chuo kwa njia ya mtandao. Shingo ilikuwa inamuuma kwa miezi mitatu, na walishamaliza pakiti kadhaa za diklofenaki kutoka duka la dawa. Sasa tumbo nalo linawaka. Nilimwomba anionyeshe anavyosoma. Akajikunja, simu mapajani, kidevu kikakaribia kifua.

Jibu lilikuwa hapo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, na kadiri unavyokiinamisha ndivyo misuli ya shingo inavyobeba mzigo mkubwa zaidi. Dawa hutuliza leo, kesho maumivu yanarudi. Tena diklofenaki ikitumiwa kiholela huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Nilipouliza kwa nini hasomei mezani, mama alinijibu: "Daktari, meza ni ya baba na wageni." Binti husomea kitandani, saa tano usiku, baada ya kazi zote za nyumbani.

Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, wazazi wengi tulijifunza kununua bando. Nafasi ya mtoto kukaa hatukuifikiria, na mpaka leo hatujaifikiria.

Mzazi, sikuambii ununue kiti cha ofisini. Mpe meza saa mbili kila siku, na kazi za nyumbani zigawanywe. Apange vitabu, juu yake aegemeze simu kwenye chupa ya chai, kioo kikaribie usawa wa macho. Kanga iliyokunjwa ikae nyuma ya kiuno. Miguu isipofika sakafuni, weka matofali mawili. Kila dakika 20 atazame mbali kwa sekunde 20. Kama ni mchana, Mlima Meru upo, hautozwi kiingilio kuutazama. Kila nusu saa asimame, atembee.

Akipata ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, homa pamoja na shingo kukakamaa, au akishindwa kuzuia mkojo, msisubiri: nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mgeni huja na kuondoka. Shingo hiyo mtoto atakuwa nayo maisha yake yote.