Gitaa, Idodi na ule ubishi wa kimbwetani

Najua nimepotea karibu mwezi mzima. UE zilinibana kisawasawa, na siku ya mwisho nilifunga begi bila hata kufua. Sasa niko nyumbani Idodi. Kwa wale ambao hamjafika huku: unatoka Iringa mjini, unapita Kalenga, unapita Mlowa, unakula vumbi la kutosha, na ukiona magari ya watalii yanakupita kuelekea Ruaha ujue hujapotea. Huku ni mpunga, joto na mtandao wa kusuasua. Hii naiandika leo, itawafikia siku nitakayopanda kichuguu kutafuta mnara.

Leo nataka kumalizia ule ubishi wa wiki ya mwisho. Mliokuwepo mnakumbuka. Tulikaa kimbwetani na desa la Saikolojia ya Elimu, rumeti wangu wa Mbeya akafungulia B.B. King kwenye simu, akasema, "Jamani, baada ya huyu mzima mitambo." Basi, desa likafungwa hapo hapo. Jamaa yetu wa Morogoro akasema hakuna mpiga gitaa aliyezaliwa kumzidi Mbaraka Mwinshehe. Dada wa Kigoma akamtaja Franco. Mwingine akasema Dokta Nico. Akaibuka mmoja na orodha ya jarida la Rolling Stone ya mwaka 2003, Jimi Hendrix namba moja, akaisoma kama vile ni matokeo ya NECTA. Mpaka mlinzi anatufukuza, Mnyakyusa alikuwa ameshamwambia Mluguru kwamba Mbaraka wake ni wa kusindikizia pilau la harusi. Hawajaongea mpaka tunafunga chuo. Chumba kimoja, hakuna salamu, kisa gitaa!

Mimi usiku ule sikusema kitu. Leo nasema.

Kwanza, siwaungi mkono wale wa "muziki hauna bingwa, kila mtu na ladha yake". Hiyo ni njia ya kukimbia swali. Sisi ni walimu watarajiwa, tunasahihisha insha za kidato cha pili, na insha nayo ina ladha. Tunafanyaje? Tunaweka mwongozo wa kusahihishia kwanza, halafu ndiyo tunatoa maksi. Kosa letu kimbwetani ni kwamba kila mtu alitoa maksi bila mwongozo. Wangu una vipengele vitatu. Moja: ukisikia sekunde chache tu, unamjua ni nani? Mbili: ukimwondolea bendi nzima, anabaki na nini mkononi? Tatu: wangapi walijifunza kwake, hata wasiomjua?

Tuanze na B.B. King (1925–2015). Kipengele cha kwanza anachukua maksi zote, hapo Mnyakyusa yuko sahihi. Noti moja tu, anaitikisa kwa kidole, gitaa linalia kama mtu aliyefiwa. Hata gitaa lake lina jina, Lucille, tangu mwaka 1949 huko Arkansas, ukumbi ulipoungua kwa sababu ya wanaume wawili waliokuwa wakimgombea mwanamke wa jina hilo, naye akarudi ndani ya moto kuliokoa gitaa. Lakini kipengele cha pili anaanguka, na mwenyewe hakuficha: akiimba, gitaa linanyamaza, na kupiga nyuzi nyingi kwa pamoja kushikilia wimbo hakukuwa fani yake. Kazi hiyo aliiacha kwa bendi.

Franco alianza na OK Jazz mwaka 1956 na akaishikilia mpaka alipofariki mwaka 1989. Watu walimwita mchawi wa gitaa, na mimi sibishi. Ila nikimsikiliza Franco namsikia kiongozi wa jeshi zaidi ya mpiga gitaa mmoja. Dokta Nico, aliyefariki mwaka 1985, alikuwa na mkono mwepesi zaidi, gitaa lake linatiririka kama maji ya mfereji kwenye majaruba. Lakini jiulizeni, nyuma yake nani alikuwa anashika rizimu? Kaka yake, Dechaud. Nani kati yenu alimtaja Dechaud usiku ule? Hata mmoja. Ukisema "mpiga gitaa bora" kila mtu anafikiria solo tu, wakati dansi letu ni kusuka: solo, solo la pili, rizimu, besi. Sikilizeni Mlimani Park ile ya zamani halafu mtoe uzi mmoja, muone kama nguo haifumuki.

Sasa Mbaraka. Hapa naomba Mluguru anisikilize vizuri maana namheshimu mzee wake. Alizaliwa mwaka 1944, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi wa kwanza mwaka 1979, hajafika miaka 35. Katika muda huo ameifanya Morogoro Jazz ijulikane, amefika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, ameanzisha Super Volcano mwaka 1973. Alitunga mwenyewe, aliimba mwenyewe, na solo alipiga mwenyewe. Tofauti na B.B. King, yule aliimba na gitaa likamjibu papo hapo, kama watu wawili wanaoongea barazani. Kwa magitaa ya bendi hapa Tanzania, namba moja ni yeye, nimemaliza. Na mimi wa Iringa nasema hivyo wakati kwetu kulikuwa na TANCUT Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi ya miaka ya themanini, ambayo nusu yenu hapo chuoni mnakaa kilomita chache kutoka ilikozaliwa na hamjui kama ilikuwepo.

Lakini rumeti wangu alianza na blues. Na blues kabla ya umeme ilikuwa ni mtu mmoja, gitaa kavu, kidole gumba kinapiga besi na kidole cha shahada kinachezea juu. Robert Johnson, yule aliyefariki mwaka 1938, alikuwa hivyo. Sasa mtu wa namna hiyo kwa Kiswahili yupo, na wala hakutajwa kimbwetani: Jean Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke.

Huyu ni mtu wa Katanga, kazaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 yule mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, Hugh Tracey, alimkuta Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi. Katika nyimbo zile kuna Masanga. Tafuteni muusikilize usiku, taa zimezimwa. Utaapa ni watu wawili wanapiga, labda watatu. Ni mtu mmoja na vidole viwili. Besi inatembea huku, sauti ya juu inakwenda kule kwa mwendo wake, na katikati kuna mdundo ambao hujui umetoka wapi. Na mwenyewe alikuwa akiimba juu ya vidole hivyo hivyo, kwa Kiswahili cha Katanga.

Kipengele cha kwanza, anapata. Cha pili, ukimwondolea bendi hapungukiwi kitu, kwa sababu bendi ni yeye. Cha tatu ndiyo kabisa. Mtindo ule wa gitaa kavu ulisambaa. Magharibi mwa Kenya akina George Mukabi walikuwa na wao wa kwao. Na kuna Mwingereza, John Low, alifunga safari mpaka Katanga kumfuata Mwenda ajifunze, akatoa kitabu mwaka 1982. Mwenda alifariki mwaka 1990, naye kwa ajali ya gari, nchini Zambia.

Najua mtasema, "Mbona umemchagua Mkongo?" Jamani, mpaka ule uliwekwa na Wazungu. Lugha yake unaielewa bila mkalimani. Hendrix mlimkubali bila kumwomba pasipoti.

Sasa niwaambie kwa nini usiku ule nilikaa kimya.

Baba mdogo wangu hapa Idodi alikuwa mpiga gitaa. Siyo wa bendi, wa kilabuni. Alianza na galatoni alilojitengenezea kwa debe na waya wa breki ya baiskeli, baadaye akanunua gitaa la dukani Iringa mjini. Alipiga kwa vidole viwili, gumba na shahada. Alifundishwa na mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye migodi ya shaba huko Zambia, akarudi na gitaa badala ya pesa, watu wakamcheka. Mimi nilipochaguliwa kidato cha tano, baba alikuwa hana hata nauli ya kunipeleka. Baba mdogo akauza gitaa. Godoro, tranka, sare na nauli, vyote vilitoka kwenye lile gitaa. Hakuwahi kulisema tena, na mimi nikaenda zangu shule, nikaenda chuo, nikajifunza kubishana kuhusu Hendrix. Sikuwahi kumuuliza yeye anamkubali nani.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake. "Shikamoo baba mdogo." "Marahaba, mwalimu." Ananiita mwalimu tangu mwaka wa kwanza. Nikamwekea Masanga kwenye simu. Akainamisha kichwa mpaka ukaisha, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Hii ndiyo ile ya mzee." Jina la Mwenda hakuwahi kulisikia maishani mwake, lakini vidole vile alivijua, vilishamfikia Idodi kupitia mgodini.

Nikaazima gitaa la kwaya kanisani, nikampelekea. Alilishika muda mrefu bila kupiga. Vidole vyake vimekakamaa, baridi yabisi pamoja na miaka ya jembe. Alianza mara tatu. Mara ya nne akapata nusu ya wimbo, gumba likawa halitii, akaacha, akacheka kidogo. Nilirekodi kwa simu, dakika moja na sekunde arobaini. Hizo ndizo kumbukumbu zote zilizopo duniani za upigaji wake.

Hapo ndipo nimeona kasoro ya mwongozo wangu, na ya orodha ya Rolling Stone, na ya ubishi wetu wote. Tunasahihisha karatasi za waliofanya mtihani tu. Mwenda tunaye kwa sababu Tracey alikuwa na mashine siku ile, mahali pale. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1950, Tracey huyo huyo alipita Tanganyika, na kwetu Uheheni alirekodi ligombo, kile kibao chetu kilichochimbwa na kufungwa uzi. Bila hivyo wengi wetu tusingejua hata linaliaje. Ni wangapi hawakukutana na mashine? Yule mzee wa mgodini alikuwa anapigaje? Hatutajua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: Mwenda wa Bayeke ni namba moja kati ya wale tulio na karatasi zao. Anayepinga aje na mwongozo wake, asije na kelele. Lakini kabla hujaja kubisha, una simu yenye kinasa sauti ambacho Tracey angekilipia pesa nyingi. Kijijini kwenu kuna mtu. Nenda kamwamkie, mwombe apige, hata kama ni nusu ya wimbo. Msingoje kama nilivyongoja mimi.

Boom likitoka, kuna gitaa nimeliona mjini. La mtumba, lakini shingo yake imenyooka. Baba mdogo anasema nisipoteze pesa, vidole havitarudi. Nitalinunua hivyo hivyo. Yeye atakuwa ananielekeza kwa mdomo, vidole vitakuwa vyangu.

Na nyie wawili, Mnyakyusa na Mluguru, nikirudi nataka nikute mnaongea.