Kuhesabu kalori hakutoshi kumpa mlaji afya

WAKENYA wengi wa mijini, hasa vijana, sasa wanakipima chakula chao kwa tarakimu. Mtu huandika kwenye simu alichokula, nayo programu ikamjibu amebakisha kalori ngapi kabla ya siku kuisha.

Sababu ya kutafuta msaada huo ipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulibaini kuwa thuluthi moja ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzani kupita kiasi, na ule wa 2022 ukaonyesha kuwa hali imezidi. Swali ni je, hesabu hii ni njia bora ya kula?

Kama funzo la siku chache, ina manufaa. Gramu moja ya wanga au protini hutoa takriban kalori nne, ilhali gramu ya mafuta hutoa tisa. Ndiposa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia hubeba kalori 120 hivi. Sukuma wiki yenyewe haina neno; ni mpishi anayeinamisha mtungi juu ya sufuria bila kupima anayeibadilisha. Nusu lita ya soda nayo ina kalori zipatazo 200, karibu zote za sukari. Anayehesabu kwa juma moja huyagundua haya, na hahitaji mwaka mzima kuyarudia.

Ugumu unaanza pale tarakimu zinapogeuzwa kuwa sheria. Vipimo hivyo vya nne na tisa vilitokana na kazi ya mwanakemia Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19, na ni wastani tu. Mnamo 2012, watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani walibaini kuwa lozi humpa mlaji kalori chache kwa karibu robo kuliko ilivyodhaniwa, kwa kuwa sehemu ya mafuta yake hupita tumboni bila kusagwa.

Humu nchini, majedwali ya viinilishe vya vyakula vyetu yalichapishwa 2018. Hata hivyo, hakuna jedwali linaloujua mkono wa mpishi. Chapati mbili za unga ule ule, kutoka vibanda viwili vinavyopakana, zaweza kutofautiana pakubwa. Na wanaokula ugali kutoka sinia moja watagawana hesabu vipi?

Kwa maoni yangu, hasara kubwa zaidi ni kwamba hesabu humvuta mtu kwenye pakiti. Biskuti imechapishwa idadi ya kalori zake. Githeri haina maandishi. Aliyefungwa na tarakimu atachagua kinachohesabika, japo githeri ina nyuzinyuzi na protini ya kumshibisha hadi jioni. Jaribio lililoongozwa na mtafiti Kevin Hall nchini Marekani, na kuchapishwa 2019, liliwapa watu 20 milo ya aina mbili iliyolinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na chumvi, wakala watakavyo. Walipopewa vyakula vilivyosindikwa kupindukia, walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku.

Isitoshe, wapo wanaoumizwa na hesabu yenyewe. Serikali ya Uingereza ilipoamuru Aprili 2022 mikahawa mikubwa ya England ionyeshe kalori kwenye menyu, watetezi wa wagonjwa wanaojinyima chakula walipinga vikali. Kanuni hizo ziliruhusu mteja kuomba menyu isiyo na tarakimu. Msichana wa shule anayehesabu kwa siri simuni mwake hana menyu ya pili ya kuomba, na mzazi huenda akamsifu kwa kupungua.

Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini ni kisa tofauti. Huyo mara nyingi hulazimika kuhesabu, lakini anachohesabu ni wanga, tena kwa maelekezo ya kliniki yake.