Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Redio za Vali na Sauti Yetu Hewani

Siku hizi ukimtajia kijana wa Likoni au wa Kisauni neno vali, atadhani wamtajia kifaa cha mfereji wa maji. Wala hana makosa. Redio aijuayo yeye imo ndani ya simu, haina moto, haina waya wa kupanda mnazini, na ikiharibika haitengenezwi bali hutupwa. Sisi tuliozaliwa kabla yake twaikumbuka nyingine: sanduku la mbao lililowekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma, ukiliwasha husubiri mpaka lipate moto, na nyuma yake, ukichungulia tunduni, waona taa ndogo ndogo za glasi zikiwaka rangi ya kaa la moto. Taa hizo ndizo vali. Wengi wetu twadhani zimekufa zamani na kuzikwa. Hazijakufa, na hapa nataka tuulizane kwa nini, na sisi wa huku bara ya Mombasa yatuhusu nini.

Huko Marekani na Uingereza kuna watu, wengi wao wamekwisha kuota mvi, ambao hukaa mbele ya mitambo ya kurusha sauti iliyoundwa miaka ya 1940 na 1950, wakazungumza wao kwa wao hewani. Mitambo hiyo ina majina kama Collins, Johnson Viking na Heathkit. Mingine ni mizito hata mtu mmoja haiwezi kuinyanyua. Wa Marekani hukutana sana kwenye kilohezi 3885, na wa Uingereza wana baraza lao kwenye kilohezi 3615. Hawa si watangazaji wa steshoni. Ni waendeshaji redio wa ridhaa, watu wenye leseni za serikali zao, ambao kanuni za dunia zawakataza kuitumia redio kwa kutafuta pesa. Kila mmoja ana herufi na tarakimu zake za kujitambulisha. Za Kenya huanza na 5Z4. Zamani za ukoloni zilikuwa VQ4, na Unguja ilikuwa VQ1.

Tufahamishane kwanza kazi ya vali. Ni chupa ya glasi iliyotolewa hewa yote. Ndani yake mna kipande cha madini kipashwacho moto, na kikishapata moto hutoa chembe za umeme zikaruka kuvuka ule utupu kuelekea kwenye bamba la upande wa pili. Katikati hutiwa wavu mdogo, na wavu huo ndio bawabu: umeme kidogo ukiupa wavu, waufungulia au waufungia njia umeme mwingi. Hivyo mnong'ono wa maikrofoni huwa ngurumo. Mwingereza Fleming ndiye aliyeanza na vali ya kwanza mwaka 1904, na Mmarekani De Forest akatia ule wavu mwaka 1906. Redio yote ya dunia, kwa kiasi cha miaka hamsini baada ya hapo, ilisimama juu ya chupa hizo, mpaka transista iliyovumbuliwa mwaka 1947 ilipokuja kuzitoa.

Na hiyo AM je? Ndiyo njia kongwe ya kusafirisha sauti. Wimbi la redio hurushwa likiwa sawasawa, kisha sauti ya msemaji hulikuza na kulipunguza kimo, kama mtu anayetikisa kamba. Mafundi wataalamu huilaumu kwa israfu, na lawama yao ni ya haki: hata msemaji akipaza sauti kadiri mtambo uwezavyo kubeba, theluthi mbili ya nguvu yote huliwa na wimbi lenyewe, ambalo peke yake halina neno lolote. Ndipo waendeshaji wa ridhaa wengi, kufikia miaka ya 1960, wakahamia njia nyingine irushayo upande mmoja tu wa sauti, kwa nguvu chache na nafasi ndogo hewani. Ni njia nzuri ya kufika mbali, lakini sauti ya mtu hutoka puani, kama ya bata. Ya AM hutoka kama alivyo mwenyewe: pumzi yake, kicheko chake, na kikohozi chake.

Tena AM ina sifa moja ambayo maskini hana budi kuipenda. Kuipokea ni rahisi mno. Waya mrefu, koili, kipande cha madini cha kuchuja wimbi na kisikilizio cha sikioni, basi. Iwapo steshoni haiko mbali, hakuhitajiki umeme wala betri. Nguvu ya wimbi lenyewe yatosha kutikisa kisikilizio. Hakuna simu ya leo iwezayo hayo, hata ikiwa ya bei gani.

Najua kuna atakayesema: haya ni michezo ya matajiri waliostaafu, sisi Waswahili tuna shida ya maji na ya feri. Kusema kweli nami nilikuwa na mawazo hayo, mpaka nilipoanza kutazama ya hapa hapa. Nenda Changamwe, ukae karibu na uwanja wa ndege wa Moi. Kila rubani ashukaye pale huzungumza na mnara kwa AM. Si kwa ushamba. Mashirika ya ndege ya dunia nzima yameishikilia AM kwa makusudi, kwa sababu watu wawili wakisema kwa wakati mmoja, msikilizaji hujua kuwa wako wawili. Kwa njia ya FM, mwenye nguvu humfunika mnyonge kabisa, na huyo aliyefunikwa huenda ndiye aliyekuwa akiomba msaada. Tazama tena meli ziingiazo Kilindini, zikipita mbele ya macho ya abiria wa Likoni: rada za nyingi zao zafanya kazi kwa aina ya vali. Na aina hiyo hiyo ndiyo ipashayo chakula ndani ya maikroweve za nyumbani. Kumbe hicho tulichokizika kingali jikoni kwetu.

Sasa tuje kwenye historia, maana hapo ndipo penye uchungu. Utangazaji wa Kenya ulianza Nairobi mwaka 1928, kwa faida ya walowezi. Mwafrika na Mwarabu hawakuwamo katika hesabu. Sauti ya Unguja ilipoanza mwaka 1951, watu wa Mombasa waliitegea sikio usiku, wakati masafa ya kati husafiri mbali zaidi, kwa kuwa tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi mchana huondoka jua likitua. Mwaka 1954 Sauti ya Cairo ikaanza Kiswahili, ikiwatia watu moto wa kudai uhuru, na wakoloni wakatahayari. Hapa kwetu palikuwa na Sauti ya Mvita, steshoni ya mji huu yenye vipindi vya Kiswahili na Kiarabu. Ilikuwa chini ya jicho la serikali, hilo halifichiki, lakini mtu alisikia lafudhi ya nyumbani kwao ikitoka ndani ya sanduku. Zama hizo redio ilikuwa mali ya watu wengi kwa pamoja. Mwenye nayo alifungua dirisha, na mtaa mzima ukasikia.

Baada ya uhuru steshoni zilikusanywa Nairobi. Mwaka 1964 ikawa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 ikarudi jina la Shirika la Utangazaji la Kenya. Nani asiyemjua marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025? Alizaliwa Frere Town, hapo Kisauni, mwaka 1940, katika ukoo wa watumwa walioachwa huru, na "Je, Huu ni Ungwana?" yake, iliyoanza mwaka 1966, iliufunza adabu umma wa Kenya kwa miaka zaidi ya hamsini. Tarehe 1 Agosti 1982, askari waliotaka kupindua serikali walimtoa kwake kwa mtutu wa bunduki, wakampeleka studioni akatangaze. Kwa nini yeye? Kwa sababu walijua kuwa mwenye mtambo na sauti inayoaminiwa ameishika nchi. Somo hilo tusilisahau.

Maana mambo ya miaka hii yatukumbusha lile lile. Mei 2024 waya mbili za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilikatika kusini mwa Afrika, na Afrika Mashariki yote ikakwama, pamoja na sisi tulio hapa Mombasa ambapo waya hizo zapandia nchi kavu. Machi 2025 Sauti ya Amerika, pamoja na Idhaa yake ya Kiswahili iliyoanza mwaka 1962, ilinyamazishwa kwa amri ya rais wa huko. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipoandamana, serikali yetu iliamrisha steshoni ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi ya televisheni ikazimwa, mpaka Mahkama Kuu ikaisimamisha amri hiyo. Yote matatu ni mamoja: sauti nyingi zapita tundu moja, na mwenye kidole chake juu ya tundu hilo ndiye atuamuliaye.

Je, redio ya ridhaa ndiyo dawa? Hapana, tusidanganyane. Mwendeshaji wa ridhaa haruhusiwi kutangazia umma, wala kufanya biashara. Leseni yake yatoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na yaweza kuondolewa. Atakayedhani atawasha mtambo wa vali Mtongwe ahutubie wananchi, huyo atatafuta kesi bure. Manufaa yake yako kwingine.

La kwanza ni siku ya msiba. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman vya India, simu zilikatika zote. Kwa kudra ya Mwenyezi Mungu walikuwepo kule waendeshaji wa ridhaa kutoka bara Hindi, waliokwenda kwa shughuli zao, na redio zao zikawa ndiyo njia ya kupeleka habari za waliopona na waliopotea. Wimbi lile lile lilivuka Bahari ya Hindi, likafika mpaka pwani yetu ya Kenya likaua mtu mmoja. Tulisalimika kwa umbali, si kwa maandalizi. Wakazi wa Likoni, ambao tangu jadi hutenganishwa na kisiwa kwa mkono wa bahari, na ambao hawajausahau msiba wa feri ya Mtongwe wa Aprili 1994 uliochukua roho 272, hawahitaji kuelezwa maana ya kungoja habari ukingoni mwa maji.

La pili ni uaminifu wa habari. Sisi Waislamu twajua ugomvi wa mwezi kila Ramadhani. Wazee wetu walijadiliana sana kama mwezi uliotangazwa na redio ni ushahidi au si ushahidi. Wengine walicheka mjadala huo wakauita ukale. Mimi siucheki. Swali lao lilikuwa la ilimu: ni nani asemaye, naye amepokea kwa nani? Surat Hujurat yatuamrisha kuipeleleza habari aliyoileta mtu asiyeaminika kabla hatujamdhuru mwenzetu kwa ujinga. Leo simu zatuletea habari elfu kwa siku, hazina baba wala mama, zimetumwa na aliyetumiwa na aliyetumiwa. Kwa waendeshaji wa ridhaa sheria ni kinyume: lazima ajitaje kwa herufi zake, asijifiche. Na wale wa AM ya vali, baada ya miaka, hujuana kwa sauti tu, kama sisi tumjuavyo muadhini wa msikiti wetu kabla hajamaliza takbiri. Habari yenye msimulizi ajulikanaye, hiyo ndiyo isnadi.

La tatu ni ufundi. Miaka ya 1950 Waislamu wa Afrika Mashariki walijengewa Mombasa chuo cha ufundi, MIOME, ambacho leo, baada ya kubadilishwa majina, ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Nia ilikuwa watoto wetu washike kazi za mikono za zama mpya. Je, twaitimiza? Mtambo wa vali ni mwalimu mzuri kwa sababu haufichi kitu: kila kiungo chaonekana, chashikika, na chabadilishwa kwa chuma cha kuchomea. Nasema chashikika, lakini kwanza uzime na usubiri, maana ndani yake mna volti mamia, na katika mitambo mikubwa maelfu, na volti hizo hubaki hata baada ya kuchomoa waya. Vali zenyewe zingali zaundwa, katika viwanda vichache vya Slovakia, Urusi na China. Mafundi wa redio wa zamani waliobaki Kongowea na Likoni wanahesabika kwa vidole. Wakenda na ilimu yao, hatutaipata tena kwa kubonyeza simu.

Basi nashauri hivi. Skuli zetu na madrasa zenye nafasi, na vikundi vya skauti ambao duniani kote hukutana hewani kila mwaka, vianzishe mafunzo ya redio ya ridhaa. Waanze na kile kipokezi kisichohitaji umeme, ambacho mtoto wa miaka kumi aweza kukiunda jioni moja. Atakayependa aendelee mpaka apate leseni. Na mwenye sanduku la zamani juu ya kabati asimpe muuza vyuma vikuukuu kwa shilingi mia mbili. Amwite fundi mzee, na kijana akae ubavuni mwake atazame.

Simu sizikatai. Nami ninayo, na makala haya yamekwenda gazetini kwa njia hiyo hiyo. Lakini msala mzuri tuusaliao leo si wetu. Mwenyewe akiuhitaji ataukunja aondoke nao. Mbacha wetu mkuukuu, japo una matundu, hakuna awezaye kuukunja bila ya idhini yetu.