Kabla hujamlipa wakili, isome notisi yako

Niko Texas, na nawaomba wenzangu tuliohamia huku tusikimbilie wakili kabla ya kuisoma ile notisi ya uthamini wa nyumba kwa ajili ya kodi, mstari kwa mstari. Mimi na mke wangu tuliisoma mezani, kalamu mkononi. Baraza la nyuma, lisilo na ukuta hata mmoja, lilikuwa limehesabiwa kama chumba! Ufa wa msingi, ambao kidole changu kinaingia, haukutajwa popote. Niliupiga picha nikiwa nimeweka rula kando, nikaomba makadirio ya fundi, nikapeleka vyote kwa ofisi ya uthamini. Mthamini alizitazama zile picha mara mbili, akashusha thamani pale pale, kabla hatujafika mbele ya bodi ya mapitio, ile inayosikiliza pingamizi.

Angalieni tarehe. Mwisho wa kuwasilisha pingamizi kwa kawaida ni Mei 15, au siku 30 tangu notisi itumwe, ikiwa hizo zinaishia baadaye. Na ombeni ule msamaha wa kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe, kwani ndio unaozuia thamani inayotozwa kodi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kama hujaongeza jengo.

Wakili ana mahali pake. Bodi ikikukatalia na ukataka kwenda mahakamani, una siku 60 tu, na huko usiende peke yako. Lakini muulize kwanza: atachukua sehemu ya kodi utakayookoa, au utamlipa hata ukishindwa? Jirani yetu, mama mjane, alitia saini bila kuuliza. Mpaka leo analipa.