Makato ya Mfanyakazi Si Mali ya Kaunti

Muuguzi wa zahanati, mfagiaji wa soko na karani wa ushuru hupokea kila mwezi hati ya mshahara inayoonyesha kuwa wamekatwa fedha za pensheni, za chama cha akiba na za mkopo wa benki. Hati yasema zimekatwa. Haisemi kama zimefika. Na katika kaunti zetu nyingi, ndugu msomaji, baina ya kukatwa na kufika pana safari ndefu kuliko ya Nairobi hadi Mandera.

Deni hili lina asili yake. Mabaraza ya miji na ya wilaya yalipokoma mwaka wa 2013, kaunti 47 zilirithi, pamoja na majengo na malori mabovu, michango ya LAPFUND na LAPTRUST isiyowasilishwa. Warithi hawakuikomesha desturi hiyo. Basi mzee aliyezoa taka kwa miaka 30 anastaafu, anaambiwa faili yake haijakamilika, kumbe kilichopungua si karatasi bali fedha alizokatwa yeye mwenyewe.

Wakubwa hujibu kwamba Hazina ya Taifa imechelewesha mgao. Mara nyingi ni kweli, nasi tumelaani ucheleweshaji huo. Lakini tuipime hoja. Ikiwa fedha hazikutosha, basi mshahara haukulipwa wote, na hati iliyosema umelipwa ni ya uongo. Ikiwa zilitosha, yupo aliyezitumia kwa jambo jingine. Hakuna njia ya tatu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamhesabu mwajiri anayekata asiwasilishe kuwa mkosaji, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 2. Ni maafisa wangapi mmesikia wamefungwa kwa kosa hili?

Linganisheni na yaliyotokea juu ya kilele mwaka huo huo wa 2013. Tume ya Mishahara, iliyopewa mamlaka na Kifungu cha 230 cha Katiba, ilishusha mshahara wa mbunge kutoka takriban shilingi 851,000 kwa mwezi hadi 532,500. Waheshimiwa walipiga kelele, na haikupita miezi mingi wakakubaliwa ruzuku ya shilingi milioni 5 kila mmoja ya kununulia gari. Mfagiaji hana Bunge la kupigia kelele.

Kanuni za fedha za 2015 zataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Zinavunjwa waziwazi, kisha huyo huyo wa chini ndiye anayeambiwa afunge mkanda.

Vikao vya umma vya bajeti vi wazi kwa kila parokia na kila kikundi. Nendeni na ombi moja lililoandikwa, kwa nguvu ya Kifungu cha 35: kila mwezi kaunti itoe, pamoja na orodha ya mishahara, stakabadhi za mifuko ya pensheni na vyama vya akiba zinazothibitisha kupokea. Mwombeni afisa wa fedha atie sahihi mbele yenu, na nakala ibaki kwenu.