Frank Odoi na Urafiki wa Wahakiki

Msanii anapofariki huacha marafiki wa aina mbili. Wa kwanza ni wale waliokula naye, wakacheka naye na hatimaye wakamzika. Wa pili ni wale wanaoendelea kuzisoma kazi zake baada ya matanga kuanuliwa. Frank Odoi, mchoraji wa hadithi za katuni aliyezaliwa Ghana mwaka 1948, akahamia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufariki jijini Nairobi tarehe 21 Aprili 2012 kwa ajali ya barabarani, hakupungukiwa na marafiki wa aina ya kwanza. Aliopungukiwa nao ni wa aina ya pili. Na hao, kwa mujibu wa kazi tuliyoajiriwa kuifanya, walipaswa kuwa sisi wahakiki.

Udhuru unaotolewa katika idara zetu za Kiswahili ni wa namna mbili. Kwanza, husemwa kwamba fasihi ni sanaa itumiayo lugha, na kwamba katuni, kwa kuwa inategemea picha, si mali yetu bali ni mali ya idara ya sanaa za uchoraji. Hoja hii haina mashiko. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na hakuna mtafiti makini wa semi za Kiswahili anayelitenga jina la kanga na vazi linalolibeba. Tamthilia nayo haikamiliki pasi na jukwaa, maleba na mwili wa mwigizaji. Iwapo tumekubali kwamba neno laweza kushirikiana na kitambaa na jukwaa bila ya kupoteza hadhi yake, ni kwa mantiki ipi tunalikana neno hilo hilo pindi linapofungwa ndani ya kiputo, juu ya kichwa cha mhusika aliyechorwa?

Hatuna budi pia kukumbuka kwamba malango haya tumewahi kuyafunga, kisha tukalazimika kuyafungua. Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka 1974, walikuwapo walioshikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Leo hii tunawatahini wanafunzi wetu katika mashairi huru bila ya kuona haya. Ubishi ule ulikuwa na faida moja, nayo ni kwamba wapinzani wa masivina walau waliyasoma. Katuni haijapata hata heshima hiyo ya kupingwa.

Udhuru wa pili ni kwamba Odoi alikuwa mgeni, na isitoshe alitumia Kiingereza. Wenye kusema hivyo ndio hao hao wanaofundisha *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, pasi na kuuliza Shakespeare alizaliwa kijiji gani. Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twaweza kupona kwa kusoma. *Akokhan*, hadithi yake ya nguvu za kiungu iliyochota katika imani za Afrika Magharibi, ingesomwa sambamba na *Utendi wa Fumo Liyongo* wa Muhamadi Kijumwa (1913), ambamo shujaa asiyedhurika kwa silaha nyingine yoyote anauawa kwa kuchomwa kitovuni kwa shaba. Nguvu inayopita ya kibinadamu huishia wapi, na ni nani anayeijua siri yake? Hilo ni swali la utendi, na Odoi aliliuliza kwa kalamu na wino.

*Golgoti* nayo inamsawiri Mzungu katika Afrika ya zama za mwanzo za ukoloni, na kumfanya huyo aliyezoea kutazama awe ndiye anayetazamwa. Mwanafunzi aliyesoma tawasifu ya Tippu Tip, ambamo Stanley anaonekana kwa macho ya mfanyabiashara wa misafara, atatambua mara moja kinaya kilichomo katika mgeuko huo wa nafasi. Huo ni ulinganishi halali wa fasihi, tena wenye manufaa.

Na tuseme kweli: lugha si sababu. *Juha Kalulu* wa E. G. Gitau katika *Taifa Leo* ni wa Kiswahili. *Chakubanga* wa Christian Gregory katika gazeti la *Uhuru* la Tanzania ni wa Kiswahili. *Shujaaz*, lililoanza kutolewa mwaka 2010, lilitumia Sheng, msimbo ambao tunauandikia makala kila uchao. Je, hao nao tumewapa nafasi gani katika mitaala yetu? Tunalolikimbia ni kicheko cha umma: tunachelea kwamba kinachosomwa kwa furaha katika matatu na kinyozini hakiwezi kustahili mhadhara.

Sidai kwamba kila katuni ni kazi bora. Zipo zilizojaa mzaha mtupu, na zipo zinazomdhalilisha mwanamke ili msomaji acheke. Lakini kupembua mchele na chuya ndiyo kazi ya uhakiki, na ungo hautumiki ukiwa umetundikwa ukutani.

Wakati tunasitasita, magazeti ya zamani yanageuka manjano na kumeguka vipande. Riwaya hupigwa chapa upya. Hadithi iliyotoka kipande kwa kipande gazetini isipokusanywa hutoweka, na pamoja nayo hutoweka ushahidi wa jinsi watu wetu walivyojicheka na kuwacheka watawala wao. Kwa hiyo idara hii na ianze mambo matatu: ikusanye na kuhifadhi katuni za magazeti yetu, itenge sehemu ya kozi ya nadharia kwa matini za picha na maneno, na ikome kuyarudisha mapendekezo ya wanafunzi wa uzamili kwa kisingizio kwamba mada hiyo "si fasihi". Rambirambi za Odoi zilikwisha kutolewa mwaka 2012. Uhakiki wake ungali deni.