Njia ya Maji Ina Haki Yake: Sheria na Fedha za Mitaro

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Kabla ya masika, wanakamati wa msikiti mmoja wa pembezoni mwa mji walinijia na suali. Mfadhili amejitolea kuwajengea msikiti mpya, na kiwanja kimepatikana kwa bei nafuu. Lakini kiko bondeni, na wazee wa mtaa wanasema maji ya mvua hupita hapo kila mwaka. Je, wajenge?

Jibu limo katika vitabu tunavyosomesha. Ibn Hajar al-Haytami, katika Tuhfat al-Muhtaj, anaeleza kuwa mto kama Nile una hariim yake, yaani ukanda wa pembeni usiomilikiwa na mtu, pamoja na mahali pa kutupia udongo mto unaposafishwa. Haijuzu kujenga humo hata ikiwa ni msikiti, na kilichojengwa hubomolewa. Bonde letu si Nile, na miezi mingi huwa kavu. Lakini sababu ya hukumu ni ile ile: maji ukiyazuia kwako utayaingiza kwa jirani, na kudhuriana kumekatazwa. Nikawaambia watafute kiwanja kingine. Thawabu ya mfadhili haitapotea.

Sheria za nchi zinasema maneno ya karibu na haya. Kwa ndugu zetu wa Bara, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hata hivyo, bonde la Msimbazi mjini Dar es Salaam lilijaa nyumba. Baada ya mafuriko ya Disemba 2011 baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande, na mwishoni mwa 2015 nyumba za bondeni zikabomolewa. Sheria isiyowekewa alama ardhini haimzuii mjenzi. Huja kuonekana siku ya tingatinga, wakati mnyonge ameshamaliza akiba yake.

Hapa Unguja, Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 imefanya ardhi kuwa mali ya umma chini ya usimamizi wa Serikali. Basi mabonde ya maji ni amana. Anayegawa kiwanja bondeni, akiwa afisa, sheha au dalali, anauza haki isiyokuwa yake, na aliyenunua bila kujua ndiye mwenye kudhulumiwa wa kwanza.

Tuje kwenye fedha. Mwaka 2011 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 38 kwa mradi wa huduma za mijini Zanzibar, na sehemu yake ikaenda kwenye mitaro ya maji ya mvua. Mkopo hujenga, lakini hauzoi mchanga na taka kila mwaka. Maji nayo hayajui mpaka wa Manispaa ya Mjini na za Magharibi 'A' na 'B': uchafu unaotupwa juu huziba mtaro wa walio chini. Panahitajika fungu la kusafishia mitaro lenye jina lake katika bajeti, litolewe kabla ya masika, na wananchi wasomewe limetumikaje.

Wengine huuliza kama zaka itumike. Kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, na mtaro si mojawapo. Ila masikini aliyepoteza vyombo vyake kwa mafuriko anastahiki. Wakfu wa msikiti nao hauhamishwi kinyume na sharti la mwenye kuuweka. Lakini mlango wa wakfu mpya uko wazi, kama waliotutangulia walivyoweka wakfu visima na madaraja. Duka moja likiwekwa wakfu kwa ajili ya mtaro wa mtaa ni sadaka yenye kuendelea.

Na jambo lisilohitaji bajeti: Mtume (s.a.w.) amehesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni katika imani. Anayetupa mfuko wa taka mtaroni hufanya kinyume chake, na mvua itakaponyesha, atakayeamka usiku kunyanyua watoto juu ya maji ni jirani yake.

Wallahu a'lam.